Zima Kompyuta kwa Kitufe, Usichomoe Waya

Mwezi huu tunapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kwa haraka linaonekana dogo: namna kompyuta za chumba cha masomo zinavyozimwa jioni.

Tunajua wengine watasema, “Ninyi walimu, sisi tunahangaika na kuni na mgao, halafu mnatuletea habari za kitufe?” Tunaomba mtuvumilie kidogo. Ndani ya kompyuta hizo mna vitu vya mtoto wako. Mna alama zake za mitihani ya kila muhula. Mna barua ambazo vijana wetu wanaandika kuomba masomo ya juu, kama ule ufadhili wa DAFI wa UNHCR ambao umekuwa ukisaidia wanafunzi wakimbizi tangu mwaka 1992. Mna barua za akina mama wanaotafuta ndugu waliopotezana nao njiani. Mtu aliyeacha nyumba, shamba na vyeti nyuma yake anajua thamani ya karatasi. Siku hizi karatasi nyingi zinaanza maisha yake ndani ya mashine.

Yaliyotokea muhula uliopita

Muhula uliopita alama za darasa la nne zilipotea zote. Siku ile mafuta ya jenereta yalikuwa yanakaribia kuisha, ikasemwa chumba kifungwe upesi. Mwalimu aliyekuwa anaingiza alama aliitwa nje kidogo. Mlinzi aliambiwa, “Zima zote.” Naye akafanya kile ambacho mtu yeyote angefanya: akachomoa waya mkubwa wa ekstensheni ukutani. Taa zikazimika, kompyuta zikanyamaza, mlango ukafungwa.

Kesho yake faili la alama lilikataa kufunguka. Walimu walianza kukusanya madaftari nyumba kwa nyumba ili kuhesabu upya. Watoto wengi walikuwa nayo. Wengine kurasa zilishatumika kuwashia moto. Msichana mmoja daftari lake lilikuwa limelowa mvua iliyopita kwenye shitingi, hakuna hata namba moja iliyosomeka. Ilibidi arudie mtihani peke yake, na siku ile alikuwa na homa.

Tusimlaumu mlinzi. Kazi yake ni kulinda, hakuajiriwa kuendesha kompyuta. Tena kuzima kwa njia ya kawaida kunataka mtu ashike mausi, atafute menyu, asome maneno ya Kiingereza au Kifaransa, halafu arudie hivyo hivyo kwa kila mashine. Kama mausi imekufa au skrini haiwaki, ndiyo basi. Kwa hiyo tukauliza: je, kuna njia ya kuzima salama ambayo hata mtu asiyejua kusoma anaweza kuitumia? Ipo. Ni kile kitufe cha kuwashia kilicho mbele ya mashine, mradi kiwe kimepangwa vizuri.

Kwa nini kuchomoa waya kunaharibu

Mfikirie karani wa mgao. Asubuhi watu wanapanga foleni, naye anaandika haraka haraka kwenye kikaratasi: nyumba hii watu sita, ile watu wanne. Hana nafasi ya kufungua daftari kubwa kila mara. Foleni ikipungua ndipo anahamisha yale ya kikaratasi kwenda daftari kubwa. Sasa tuseme mtu anakuja kumnyang'anya kalamu na kikaratasi katikati ya kazi. Kikaratasi kimepotea, na daftari kubwa lina mstari ulioandikwa nusu. Kesho hakuna anayejua nani amepata na nani hajapata.

Kompyuta inafanya kazi hivyo hivyo. Kikaratasi chake kinaitwa memori, nayo inashika mambo wakati umeme upo tu. Umeme ukikatika, memori inasahau yote papo hapo. Daftari kubwa ni diski, ambayo inatunza mambo hata bila umeme. Kila wakati kompyuta inahamisha vitu kutoka memori kwenda diski, lakini haihamishi vyote palepale. Hata baada ya wewe kuhifadhi kazi yako, au kusevu kama vijana wanavyosema, kipande kinaweza kubaki njiani kwa sekunde kadhaa.

Kuzima kwa utaratibu maana yake ni kumwambia karani, “Tunafunga, maliza kuandika.” Programu zinafungwa moja moja, yaliyobaki kwenye memori yanaandikwa kwenye diski, diski inafungwa vizuri, na mwisho kabisa mashine inajikatia umeme yenyewe. Ni kweli mifumo ya siku hizi, kama NTFS ya Windows na ext4 ya Linux, ina kumbukumbu ya ndani inayosaidia diski isivurugike yote ikikatwa ghafla. Lakini hiyo inalinda mpangilio wa daftari kubwa. Hairudishi maneno ambayo hayakuwahi kuandikwa.

Kitufe ni kengele, si kisu

Wazee waliowahi kuona kompyuta za zamani wanakumbuka swichi. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa na swichi kubwa nyekundu ubavuni. Ukiishusha, umeme umekatika palepale. Hata Windows 95 ilipotoka, kwenye mashine nyingi ilikuwa inamaliza kazi zake halafu inaandika kwenye skrini kwamba sasa ni salama kuzima, ndipo mtu anazima kwa mkono wake.

Mwaka 1996 kampuni za Intel, Microsoft na Toshiba zilitoa kanuni inayoitwa ACPI, na tangu hapo kitufe kikabadilika tabia. Kwenye kompyuta zinazofuata kanuni hiyo, ukibonyeza kitufe mara moja na kuachia, hukati umeme. Unapiga kengele tu. Mfumo unasikia kengele, halafu unaamua ufanye nini kulingana na ulivyopangwa: uzime, ulale, au usifanye kitu.

Lakini kitufe hicho hicho kina mlango wa dharura. Ukikishikilia kwa sekunde nne au zaidi bila kuachia, mashine inajikata bila kumuuliza mtu. Hapo ni sawa na kuchomoa waya. Ndiyo maana tunawaambia watoto: bonyeza, achia, subiri. Mtoto anayebonyeza na kukaza kidole kwa sababu anaona mashine haizimiki haraka, huyo anavunja mlango wakati mwenye nyumba yuko njiani anakuja kufungua.

Mtego wa kulala

Hapa ndipo watu wengi wanadanganyika. Kompyuta nyingi, hasa zile za mapajani, zinakuja zimepangwa kwamba ukibonyeza kitufe, zinalala. Skrini inakuwa nyeusi, feni inanyamaza, kila mtu anaamini imezimwa. Kumbe memori bado inakunywa umeme kidogo kidogo ili isisahau. Mtoto mmoja alituuliza, “Mwalimu, hii inalala ao imekufa?” Ni swali zuri kuliko anavyofikiri.

Kwa mtu mwenye umeme wa saa ishirini na nne, kulala si tatizo. Kwetu jenereta linazimwa jioni. Kompyuta ya mezani iliyolala haina betri, kwa hiyo jenereta likizimwa nayo inakatwa ghafla, na kazi yoyote iliyokuwa wazi inaweza kupotea. Ya mapajani itavumilia mpaka betri iishe. Kwa hiyo katika chumba kama chetu haitoshi kitufe kifanye “kitu fulani”. Lazima kifanye jambo moja tu: kuzima kabisa.

Namna ya kupanga kitufe

Kazi hii inafanywa mara moja tu kwa kila mashine. Kijana yeyote aliyefika hatua ya kuandika barua kwenye kompyuta anaiweza.

Kwenye Windows 7, 10 na 11, fungua «Control Panel», halafu tafuta «Power Options». Upande wa kushoto kuna mstari unaosema «Choose what the power buttons do». Bofya hapo. Utaona maneno «When I press the power button» na kando yake kisanduku cha kuchagua. Chagua «Shut down», halafu chini kabisa bofya «Save changes». Kompyuta ya mapajani ina visanduku viwili, cha wakati wa betri na cha wakati wa waya. Badilisha vyote viwili. Ikikataa, ingia kwa jina la msimamizi wa mashine.

Kwa ndugu zetu ambao mashine zao ziko kwa Kifaransa, ni njia hiyo hiyo: «Panneau de configuration», kisha «Options d'alimentation», na neno la kuchagua ni «Arrêter».

Kompyuta nzee zenye Windows XP bado zinaonekana huku na kule, ingawa Microsoft iliacha kuzihudumia tangu Aprili 2014. Humo, ndani ya «Power Options» nenda sehemu ya «Advanced», na chaguo liko chini. Kwa sababu hazipati tena marekebisho ya usalama, ni bora zitumike kujifunza kuandika tu, zisiunganishwe kwenye intaneti.

Kwenye Ubuntu ya miaka ya karibuni, fungua «Settings», nenda «Power», tafuta «Power Button Behavior» na chagua «Power Off». Ukibonyeza kitufe kitatokea kisanduku kinachohesabu sekunde 60. Usipojibu kitu, mashine inajizima yenyewe kwa utaratibu. Mtu asiyejua kusoma anaweza kukiacha tu kihesabu.

Imebaki ile mashine ya kona, ambayo inagawa masomo kwa nyingine zote. Haina skrini wala kibodi, na kwa hiyo kitufe ndiyo njia yake rahisi. Ndani yake mna Linux, na mpango wa kitufe unaandikwa kwenye faili linaloitwa /etc/systemd/logind.conf. Mstari unaohusika ni huu: HandlePowerKey=poweroff. Kwa kawaida mfumo unazima wenyewe hata mstari huo ukiwa umewekewa alama ya reli mbele, yaani haujaguswa. Lakini kama mtu alishaweka neno ignore hapo, kengele itapigwa na hakuna atakayeitikia. Msimamizi aweke poweroff, aondoe alama ya reli, awashe mashine upya.

Ukimaliza kupanga, jaribu. Usijaribu siku ya haraka. Chagua wakati ambao jenereta lina mafuta na hakuna kazi iliyo wazi. Bonyeza mara moja, achia, na hesabu polepole. Mashine ikijizima yenyewe, taa ikafa na feni ikasimama, umefaulu. Ikiwa skrini imekuwa nyeusi lakini taa ya mbele inapepesa au inabaki inawaka, huenda imelala. Iamshe, rudi kwenye mpangilio uangalie tena.

Utaratibu wa jioni

Hivi ndivyo chumba kinavyofungwa sasa. Tunaomba wazazi mzungumze na watoto wenu nyumbani juu ya hatua hizi:

1. Dakika 15 kabla ya jenereta kuzimwa, mmoja anatangaza kwa sauti. Kila mwenye kazi anaihifadhi na kufunga programu zake.

2. Kila mtoto anabonyeza kitufe cha mashine yake mara moja na kuachia. Hakuna kushikilia, hakuna kubonyeza mara tatu tatu.

3. Mashine ya kona inazimwa ya mwisho, kwa kitufe hicho hicho.

4. Mtu mmoja anapita kuangalia taa na kusikiliza feni. Kama skrini imeandika kwamba inaweka marekebisho na usizime, iachwe imalize.

5. Taa zote zikishakufa ndipo swichi ya ekstensheni inazimwa. Jenereta linafuata mwisho.

Na mashine ikigoma? Subiri dakika mbili au tatu. Tazama skrini: mara nyingi Windows inakuwa imesimama ikisema programu fulani bado ina kazi ambayo haijahifadhiwa. Hapo inamlinda mwenye kazi. Rudi, hifadhi, kisha endelea. Kushikilia kitufe kwa nguvu ni kwa mashine iliyoganda kabisa, ambayo haisikii kibodi wala mausi, na hapo aitwe mkubwa kwanza.

Ambayo kitufe hakiwezi

Tusije tukadanganyana. Kitufe hakihifadhi barua yako badala yako. Kinafunga nyumba vizuri, lakini kama hukuingiza mbuzi ndani, atalala nje. Kwa hiyo zoea kubonyeza Ctrl pamoja na S kila baada ya aya moja. Vidole vikizoea, hutahitaji hata kukumbuka.

Pia kitufe hakisaidii umeme ukikatika bila taarifa. Jenereta likizimika lenyewe katikati ya somo, hakuna kengele itakayosikika. Kwa siku kama hizo dawa ni mbili: kuhifadhi mara kwa mara, na kuweka nakala. Alama za wanafunzi sasa zinanakiliwa kila Ijumaa kwenye flashi mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti, na mwisho wa muhula zinaandikwa pia kwa kalamu kwenye daftari. Mvua haiwezi kunyesha sehemu zote tatu kwa siku moja.

Kwa nini tunawaambia ninyi nyote

Labda mtu atauliza kwa nini habari hii haikubaki kwa walimu tu. Jibu lake tunalijua wote. Katika kambi walimu hawakai. Huyu jina lake limetoka kwenye orodha ya kwenda nchi ya tatu, yule ameamua kurudi nyumbani, mwingine amepata kazi ya motisha kwenye shirika jingine. Tunawaaga kwa furaha, lakini kila anayeondoka anaondoka na ujuzi wake kichwani. Chumba kikitegemea kichwa cha mtu mmoja, siku ya basi lake chumba nacho kimeondoka.

Mpangilio wa kitufe haupandi basi. Ukishawekwa unabaki ndani ya mashine, unamngoja mlinzi wa zamu, mama anayefagia, au mtoto wa darasa la tatu. Kidole kimoja, mara moja, na kazi ya watu arobaini inalala salama. Katika wiki za mwanzo mlinzi wetu alikuwa akiuliza kila jioni, “Walimu, hii naizima namna gani?” Sasa yeye ndiye anayewafundisha wageni, na akimwona mtu anasogelea waya wa ekstensheni anapaza sauti kabla yetu.

Tunaomba wazazi wenye watoto wanaokuja chumbani wawaulize leo jioni: unabonyeza mara ngapi? Jibu ni moja. Unashikilia? Jibu ni hapana. Waya unachomolewa lini? Baada ya taa zote kufa. Mtoto anayejibu hayo matatu, muhula wake uko mikononi mwake.

Wenye kompyuta zao, wakiwemo wale wa vibanda vya kuchapa barua na kuchaji simu sokoni, wanakaribishwa kutuona siku ya Jumamosi asubuhi tuwasaidie kupanga kitufe. Hakuna malipo. Mje na mashine, na waya wake.